Halua za maganda pale Gongoni, Tabora: chukua tikiti, acha ndizi

Nianze na bei, maana ndiyo inayowarudisha watu mlangoni. Robo kilo ya vipande vya ganda la tikiti maji ni shilingi 3,500. Halua ya ganda la embe ni 3,000 kwa robo, barfi zote, vile vitamu vya kupikwa na maziwa na sukari, 500 kwa kipande, na kokwa za embe za kukaanga 1,000 kwa kikaratasi. Kwa Tabora hiyo si hela ndogo. Kashata ya karanga iko kila kona, tena ya bei ya mtoto wa shule, halafu mtu akuambie umetoa elfu tatu na mia tano kununua ganda ambalo wenzako wanamtupia mbuzi. Shemeji yangu nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini.

Na la pili niliseme mapema ili msije kulisikia kwa wengine: mimi nauza juisi sokoni, na sehemu ya maganda yanayopikwa pale yanatoka kwenye meza yangu. Mama mwenye duka ananilipa kidogo kwa ndoo, siku nyingine ananilipa kwa halua. Kwa hiyo mnamsoma mtu mwenye maslahi. Ila ndiyo huyohuyo anayejua lile ganda limetoka kwenye tunda gani, lilioshwa lini, na lilikaa juani saa ngapi kabla ya kuchukuliwa. Sijui mteja gani mwingine angeweza kuwaambia hayo.

Duka halina kibao. Ukifika Gongoni ulizia kwa mama wa maganda, utaelekezwa mpaka mlangoni. Ni chumba kimoja cha mbele chenye meza ya vioo, uani kuna majiko mawili ya mkaa na karai moja kubwa, zito, la chuma, ambalo nina hakika lina umri kunizidi. Mwenyewe ni mama mtu mzima, Mnyamwezi wa hapahapa, aliyefanya kazi ya jikoni miaka mingi kwa familia moja ya Kigujarati mjini. Wenyewe walihama, karai likabaki kwake. Mjukuu wake wa kike ndiye anayepokea hela na kujibu simu. Kwa mama mwenyewe ukiuliza bei anakwambia "muulize huyo mtoto" na anaendelea kukoroga.

Watu wengi wakisikia halua ya maganda wanadhani ni ubunifu wa shida, mtu kakosa matunda akaona apike takataka. Sivyo. Huko India kwenyewe mambo haya yana wenyewe. Agra, mji wa Taj Mahal, unajulikana kwa kitamutamu kinachoitwa petha, na hakina maziwa wala unga: ni jamii ya boga yenye nyama nyeupe isiyo na ladha yoyote, inalowekwa kwenye maji ya chokaa kisha inapikwa kwenye shira mpaka inang'aa. Zile chembe nyekundu na kijani mnazoziona kwenye keki na mikate ya matunda, huko kwao wanazitengeneza kwa papai bichi, na ganda la tikiti pia. Wagujarati kokwa ya embe hawaitupi, wanaila baada ya chakula kusafisha kinywa. Kwa hiyo mama hajabuni upishi. Alichofanya ni kuangalia upishi aliofundishwa, akaangalia na kinachotupwa kwenye dampo la soko letu, akaona vinakubaliana. Vingine vinakubaliana kweli. Vingine analazimisha, na nitavitaja.

Tikiti ndiyo sababu ya kwenda pale. Nimeshakaa uani kwake nikaangalia kazi yote, maana nilitaka kujua maganda yangu yanafanywa nini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vuta kigoda. Hiyo chokaa usiiguse, itakuchubua."

Kwanza anamenya lile kijani la nje kwa kisu, lote, hata doa halibaki, kwa sababu kijani kikibaki kinakuwa kigumu na kichungu. Halafu anakwangua wekundu wote wa ndani kwa kijiko. Kinachobaki ni ule weupe wa katikati, na hapo ndipo anapokuwa mkali: tikiti zenye ganda jembamba anazirudisha. Hizi tikiti ndogo za kisasa hazina kitu cha kupika. Anataka zile kubwa zenye mistari, weupe wake unene wa sentimita mbili. Anakata vipande vya mraba, anavichoma kila kimoja kwa uma pande zote ili shira ipate njia ya kuingia, kisha anavitumbukiza kwenye maji ya chokaa, ile ya kulia tambuu, vinalala humo usiku kucha.

Asubuhi vinaoshwa. Na hapa ndipo nilipompenda, kwa sababu nilimwona akibadilisha maji, anasugua, anamwaga, anabadilisha tena, anaonja kipande kibichi kwa ncha ya ulimi kuhakikisha chokaa imetoka, anarudia. Kazi ya chokaa ni kukaza: inashikana na pektini iliyomo kwenye ganda, kile kitu kinachofanya jemu igande, na ganda halirojeki hata likichemka muda mrefu. Bila chokaa unapata uji mtamu. Ukiwa na chokaa halafu ukaosha kivivu, unapata kitu kinachowasha ulimi.

Baada ya hapo vinachemshwa kwenye maji matupu mpaka weupe unaanza kupitisha mwanga, ndipo vinahamia kwenye shira. Shira yake haipimwi kwa saa wala kwa kipimajoto. Anachota tone kwenye mwiko, analiacha lipoe kidogo, analibana kati ya gumba na kidole cha shahada, anavitenganisha taratibu. Ukitokea uzi mmoja, hiyo ni ya jalebi, kitu cha kubaki na maji. Nyuzi mbili, hiyo inafaa kitu cha kukauka, kama hivi vipande. Anaongeza iliki iliyotwangwa na maji ya waridi tone mbili, anaipua, anamwaga juu ya chekeche, sukari inaanza kufanya ukungu mweupe juu ya kila kipande huku ndani kumebaki kwa kioo.

Ukiuma, jino linapita kwenye sukari kavu kwanza, kah, halafu unakutana na kitu kinachokatika kwa sauti, chenye maji yake ndani, maji ya shira yenye harufu ya waridi. Ladha ya tikiti haipo, na msiitafute. Kinacholiwa pale ni ule mkatiko. Kashata haina, visheti havina, na hata petha ya boga niliyoletewa na mteja wangu mmoja aliyetoka kutibiwa India ilikuwa laini kuliko hii. Hapo ganda limeshinda lenyewe, halijabebwa na sukari.

Wapo wanaouliza kwa nini hatumii asali, Tabora hii, nchi ya asali. Nilimuuliza pia. Akaniambia jaribu uone, na alikuwa na haki ya kuniambia hivyo: asali inavuta unyevu wa hewani na haifanyi ule ukungu mkavu, vipande vinabaki vinanata na kushikana hadi kesho kutwa. Asali anaitumia kwenye ladu za ufuta tu, ile asali nyeusi ya miombo, na hizo ladu ni nzuri lakini hazihusiani na maganda kwa hiyo nazipita.

Sasa embe. Huu mji umejaa miembe, mingine mikubwa ya tangu zama za misafara ya Waarabu, na kila mwaka mwezi wa 11 na wa 12 zinaanguka mpaka watoto wanachoka. Mimi mwenyewe msimu ule maganda na kokwa natoa kwa ndoo kubwa kila jioni. Mama anafanya vitu viwili navyo.

Cha kwanza ni halua. Maganda yanachemshwa, maji yanamwagwa, yanachemshwa tena kutoa ule uchungu, yanasagwa, kisha yanaingia karaini na sukari guru na samli, na yanakorogwa mpaka samli inaanza kujitenga pembeni. Rangi yake ni ya kahawia iliyokolea, wala haivutii kwenye kioo. Mjukuu anaipambia korosho juu kuiokoa. Ila mdomoni ina kitu ambacho embe yenyewe haina. Nyama ya embe ukiipika na sukari inakuwa tamu tu, inalala. Ganda lina ule ukali kwa nyuma, ile harufu ya utomvu, na sukari guru inaupokea vizuri. Mimi huila na chai ya rangi isiyo na sukari. Angalizo moja: embe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wa ganda lake huwasha baadhi ya watu. Kama wewe midomo inakuvimba ukila embe na ganda lake, achana nayo, kupika hakukuhakikishii kitu.

Cha pili ni kokwa. Inapasuliwa, ile mbegu ya ndani inatolewa, inachemshwa na chumvi, inakatwa nyembamba sana, inaanikwa, halafu inakaangwa kwenye samli na kutupiwa chumvi na bizari nyembamba. Si tamu. Ina ukakasi mwanzoni, unavuta mashavu, halafu ukiendelea kutafuna kinywa kinakuwa safi na maji unayokunywa baadaye yanakuwa matamu. Wapo watakaoitema. Mume wangu aliitema. Mimi nimekuwa mlevi wayo, natembea nayo kwenye mfuko wa aproni.

Tatizo la embe ni kwamba zinaiva mvua zinapoanza. Kuanika kokwa mwezi wa 12 Tabora ni kubahatisha, na mama inabidi azianike kwenye nyungo juu ya jiko. Mara nyingine zinashika moshi. Ukikuta kikaratasi chenye harufu ya mkaa, rudisha, wanakubadilishia bila maneno. Nimeona wakifanya hivyo kwa mteja ambaye hata hakununua siku ile.

Nanasi. Tunazopata sokoni nyingi zinatoka upande wa Geita, na sisi wauza juisi ule moyo wa katikati tunautoa kwa sababu unachakaza mashine. Mama anaukuna, anaupika na maziwa na sukari kuwa barfi. Barfi hii ina ujanja wake: nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata maziwa na kuyatia uchungu, kwa hiyo lazima lichemke lenyewe kwanza vizuri ndipo likutane na maziwa. Anajua, na barfi yake haina uchungu hata kidogo. Ila zile nyuzi! Unakula kipande kimoja, halafu unatafuta kijiti cha meno nusu saa. Ladha nampa, mdomo haujakubali.

Mbegu za fenesi nilizidharau nikaja kushangaa. Zinachemshwa, zinamenywa ile ngozi ya kahawia, zinapondwa, zinapikwa na maziwa na iliki mpaka zinashikana. Nimesema maganda, hizi ni mbegu, lakini zinatoka dampo lilelile. Zina ule unga wa njugu mawe zilizochemshwa vizuri, zile za Jumapili mchana, na kwa sababu hiyo hazihitaji sukari nyingi. Mama yangu mzazi ana kisukari na hapo simdanganyi, sukari ipo. Lakini kati ya vyote vilivyo mezani pale, hii ndiyo isiyokuparamia. Haipatikani kila siku. Fenesi kwetu si nyingi, na mara nyingi zikija zimekatwa vipande tayari, mbegu zimekwenda na mnunuzi.

Ndizi, jamani. Barfi ya ganda la ndizi inapaswa kuondolewa pale mezani. Najua kwa nini ipo: maganda ya ndizi ni bure, yanajaa, na siku hizi kila mtu kwenye simu anaambiwa ganda la ndizi lina hiki na kile. Lakini ganda la ndizi likipikwa lina ladha ya majani na ukakasi unaobaki kwenye meno, na mama kwa kulijua hilo ametia iliki mpaka iliki yenyewe inakera. Nilimwambia usoni. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo vijana ndiyo wanaipiga picha." Sawa. Wapige picha, wanunue tikiti.

Zipo pia zile chembe za rangi za kuwekea keki, kutoka ganda la tikiti vilevile, zinauzwa kwa pakiti kwa waoka mikate. Nyekundu inatokana na rosela, njano ni bizari ya manjano, kijani hana kwa sababu hajapata rangi ya kijani isiyo ya dukani. Mimi naona ni heri. Mjini niliwahi kununua pakiti ya chembe hizo kwenye duka moja, zilikuwa nyekundu ya kutisha, zikachuja keki nzima ya komunyo ya mpwa wangu. Za mama hazichuji. Hazing'ai pia, nyekundu yake ni ya wekundu uliotulia, na kama unataka keki ya kuonekana kutoka mlangoni utaona zimepoa. Fundi keki anayenunua kwangu juisi anazichanganya: za mama kwa ndani, za dukani kidogo juu.

Usafi, kwa kuwa ndilo swali la kila mtu. Maganda ninayopeleka mimi lazima yawe ya siku hiyohiyo, na yametoka kwenye tunda lililooshwa kabla ya kumenywa. Ndoo yangu iliwahi kurudishwa kwa sababu nilichanganya na ya jana, na sikubishana. Akipokea anayaloweka kwenye maji ya chumvi na siki, anasugua. Chungwa na limau haziendi pale kabisa kutoka kwangu. Maganda ya chungwa ananunua matunda mazima mwenyewe na kuyamenya, kwa sababu anasema ganda la nje ndilo linalopokea dawa zote na hataki la kupokea kwa mtu asiyejua limetoka shamba gani. Hata hivyo ile halua ya ganda la chungwa ni ya kawaida tu, chungu-tamu, nzuri kwa wazee.

Lawama sasa, na sizo za ndizi peke yake.

Mizani. Ipo, imekaa kwenye kabati, na robo kilo inapimwa kwa macho ya mjukuu. Macho yake ni ya haki, nimepima nyumbani, lakini mteja mpya hawezi kujua hilo na ana haki ya kuona mshale.

Bei. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika nchi nzima na kilo ikavuka 4,000, alipandisha, na tukamwelewa, nusu ya biashara ile ni sukari. Sukari imeshuka. Tikiti haijashuka. Nimemuuliza mara kadhaa na kila mara anaanza kunieleza bei ya mkaa.

Vifungashio. Anafunga kwa karatasi za kaki. Kiangazi hakuna shida, vipande vya tikiti vinakaa wiki nyingi kwenye karatasi bila kubadilika. Masika ile karatasi inavuta unyevu, sukari inalowana, mkatiko wote unapotea na ndio niliousifu hapo juu. Nenda na kopo lako lenye mfuniko. Barfi za maziwa ndizo za kuangalia zaidi: hana friji, na joto la Tabora mwezi wa 10 mnalijua. Nunua asubuhi, kula siku hiyo, na kama ni za safari usizinunue kabisa.

Kwa safari chukua tikiti au kokwa. Nimempa dada yangu anayepanda treni ya Kigoma kopo la tikiti, akafika nalo, wakwe zake wakadhani ni kitu cha kutoka Dar. Alipowaambia ni ganda, baba mkwe akaomba kingine.

Saa za kufungua ni asubuhi mpaka tikiti ziishe, na huisha kabla ya adhuhuri siku za Ijumaa na siku za karibu na Idi na Diwali, ambapo Wahindi waliobaki mjini wanaagiza kwa sinia. Jumapili hafungui. Oda kubwa, ya harusi au hitima, mpe siku tatu, kwa sababu moja nzima inaliwa na chokaa, na lipa nusu kwanza. Na ukimkuta mjukuu peke yake mezani akakwambia barfi ya ndizi ndiyo inayotoka sana leo, mwambie umetumwa tikiti.